Kabla Boom Halijaishia Kwenye Lenzi

Boom la muhula uliopita lilipoingia nilifanya wanachofanya wana wengi wanaopiga video: nikanunua Canon 50mm f/1.8 STM, ile tunayoiita "hamsini". Wiki mbili baadaye nikapewa kazi ya sendofu ya dada wa mshkaji wangu. Ukumbi mdogo, meza ya familia upande mmoja, mimi mgongo umegusa ukuta wa upande wa pili. Kwenye skrini alionekana binti na nusu ya shangazi. Hela iliyobaki shangazi aliitoa kwa shingo upande, na haki alikuwa nayo.

Kumbe hesabu ni rahisi. Kamera kama Canon 250D ina sensa ya upana wa milimita 22.3. Ukitaka kuchukua meza ya upana wa mita 3, zidisha 3 kwa milimita za lenzi, halafu gawanya kwa 22.3. Kwa hamsini unapata kama mita 6.7, ndio umbali unaotakiwa kusimama. Kwa lenzi ya 24mm ni mita 3.2 tu. Pima chumba chako cha hosteli uone ni ipi inaingia humo. Na ukirekodi kwa 4K, 250D inakata pembeni tena, kwa hiyo hali inazidi kubana.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza, namwambia aanze na EF-S 24mm f/2.8 STM. Ni nyembamba kama andazi lililokaliwa, inasogea hadi sentimita 16 kutoka kwenye kitu, basi pete na hina unazipata bila kubadili lenzi. Mahojiano, mdahalo, chumba cha mgonjwa, vyote inaviweza. Ila ujue: lenzi za EF-S hazifungi kwenye DSLR za Canon za fulu fremu. Hamsini ni EF, inafunga kote kuwili.

Hamsini siitukani. Namba ya f ikishuka, tundu linapanuka na mwanga unaingia zaidi: f/1.8 inaingiza karibu mara kumi ya f/5.6. Usiku, taa za ukumbi zikiwa za rangi rangi tu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha ya chenga. Ila ukifungua tundu lote, pua ikiwa kali masikio yanafifia, na anayecheza muziki anatoka kwenye fokasi kila hatua. Nunua ya pili, hata iliyotumika.

Ile 18-55mm iliyokuja na kamera je? Usiiuze. Matoleo yenye maandishi IS yanapunguza mtikisiko wa mkono, kitu ambacho 24 na 50 hizi hazina. Hizo zinataka stendi. Tatizo la 18-55 yenye f/3.5-5.6 ni kwamba ukivuta zumu tundu likiwa wazi kabisa, mwanga unapungua zaidi ya nusu, na video inaingia giza katikati ya hotuba. Chagua milimita zako kwanza, ndipo ubonyeze rekodi.

Ukinunua iliyotumika, nenda mchana. Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, na kwa unyevu wa Dar wanastawi kweli kweli. Hata kwa bei ya chee, acha. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, siyo ya muuzaji, rekodi dakika mbili, sikiliza kama fokasi inakwaruza.

Na kama kazi ni moja tu mwezi mzima, kodi. Mimi ile sendofu ningekodi lenzi ya siku moja, na hela ya chakula ingebaki.