Njia ya Yeriko Imo Nyumbani Mwetu

Somo: Luka 10:25-37



Alfajiri vyumba vya kupanga vya Thika na Ruiru vimekwisha kuamka. Baba aenda kiwandani. Mama aenda shamba la kahawa au la mananasi, ama apanda matatu kwenda Nairobi. Mtoto aachwa kwa jirani. Nyanya afungiwa chumbani. Jioni mtoto hataki kula, wala hataki kumwona yule jirani. Nyanya ana alama mkononi, lakini asema ameanguka. Nasi twanyamaza: "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu."

Msamaria alimfunga jeraha mtu aliyepigwa njiani, na Bwana alimsifu. Lakini sisi tunaojua mahali wanyang'anyi wanapojificha, je, tungoje mwingine apigwe? Kipindupindu kikiingia mtaani hatungoji kifo, twachemsha maji. Wataalamu wa afya ya jamii wanafundisha kwamba dhuluma nayo ina vyanzo vyake: ulevi, ufukara, upweke, uchovu wa mtu anayemtunza mgonjwa peke yake, na desturi ya kuficha. Vyanzo huzibwa mapema.

Na yawezekana. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2010, wanawake vijana 32 hivi katika kila 100 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika uchunguzi wa 2019 walikuwa 16 hivi. Kwa wazee, Shirika la Afya Duniani lasema mmoja katika kila 6 wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa katika mwaka mmoja. Kazi bado ni kubwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tubishe hodi. Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Wazee wa kanisa na akina mama washirikiane nao. Tukubaliane ni nani aliye mwaminifu wa kuwaangalia watoto mchana.

Pili, tupunguze mzigo. Dada anayemwuguza baba aliyepooza, tumshike zamu siku moja naye apumzike, kabla uchovu haujageuka hasira. Na fedha za Inua Jamii anazopewa mzee ni zake, asinyang'anywe.

Tatu, tusifiche. Mtoto akinajisiwa, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe upesi hospitali, kama ile ya Level 5 Thika, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baadaye. Polisi waarifiwe. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Tusiketi kupatanisha kwa mbuzi jambo la mahakama, hata mkosaji akiwa kiongozi wa kanisa letu. Hapo ndipo imani yetu hupimwa.

Bwana alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake, na amri ya tano yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Leo jioni, ni mlango gani tutakaobisha?

Tuombe. Ee Bwana, tusamehe kunyamaza kwetu. Utupe macho ya kuona mapema na ujasiri wa kusema. Amina.