Shingo imevimba, ao mwili unachoka bila sababu: namna gani kujua kama ni tiroidi?

Huku Kambove mtu akivimba shingo, kila jirani ana jibu lake. Mmoja anasema ni maji ya mugodi, mwengine anasema ni uloji, wa tatu anamtuma kwa fundi wa kuchanja chale. Wakati ule ule, kuna mama ambaye shingo yake ni sawa kabisa, lakini anaamka amechoka, anasikia baridi hata mwezi wa kumi na jua lile, na amekwisha kumeza dawa za malaria mara tatu bila mabadiliko. Inawezekana ni yeye mwenye kuumwa zaidi.

Tiroidi ni tezi ndogo kama kipepeo, inakaa mbele ya shingo, chini ya kifundo cha koo. Inachukua iodini ndani ya chakula na kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili wote. Homoni zikipungua, mwili unaenda polepole: uchovu, ngozi kavu, choo kigumu, kilo zinapanda, damu ya mwezi inatoka nyingi. Zikizidi, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, mtu anakula vizuri lakini anakonda, na wengine macho yanatoka inje. Mtu akikonda hivi, majirani wanaanza kusema UKIMWI. Pole kwake.

Hapa ndipo wengi tunapotea: ukubwa wa tezi hausemi kazi yake. Goita kubwa inaweza kutoa homoni za kutosha, na tezi isiyoonekana inaweza kuwa imelala. Ndiyo sababu macho hayatoshi, lazima damu.

Kipimo cha kwanza kinaitwa TSH. Chini ya ubongo kuna tezi ingine, ni kama kapita wa kazi. Akiona tiroidi inalegea, anapaza sauti: TSH inapanda. Akiona inazidisha, ananyamaza: TSH inashuka. Ni kusema TSH ya juu ni alama ya tezi inayolegea, hata kama watu wengi wanafikiri kinyume. Ikitoka mubaya, munganga anaomba tena T4, homoni yenyewe, ili ahakikishe.

Mbele ya damu, munganga mzuri anagusa shingo. Anasimama nyuma yako, anakuomba umeze maji. Uvimbe wa tiroidi unapanda pamoja na kumeza. Uvimbe wa namna ingine mara nyingi haupandi. Wewe pia unaweza kujiangalia kwa kioo na kikombe cha maji. Ekografi inaonyesha ukubwa na vifundo vya ndani, lakini haisemi kama tezi inatumika vizuri. Kukiwa kifundo cha kuogopesha, wanakichoma na sindano nyembamba kutoa chembe za kuangalia kama kuna kansa. Vifundo vingi si kansa.

Sasa, inatoka wapi? Katika inchi yetu sababu ya zamani ni ukosefu wa iodini. Katika miaka ya 1960 watafiti walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu. Iodini ilikuwa kidogo kisiwa kizima, lakini goita ilijaa zaidi upande wa kaskazini. Jibu likapatikana ndani ya muhogo: sumu yake, usipolowekwa vizuri, inazuia iodini kuingia ndani ya tezi. Basi muhogo wa bukari uloweke siku kadhaa, na sombe ichemke sana. Chumvi yenye iodini nayo ilisaidia sana, zaidi kwa wamama wenye mimba, kwani mtoto akikosa iodini tumboni akili yake inaweza kuharibika kwa maisha yote.

Lakini msikimbilie matone ya iodini ya soko. Mwaka 1996 jarida la waganga Lancet liliandika juu ya wagonjwa wa Kivu ambao, iodini ilipoingia, tezi zao zilianza kutoa homoni nyingi kupita kipimo. Mwenye goita ya siku nyingi, moyo ukianza kupiga mbio, apimwe.

Na kobalti yetu? Swali ni la haki. Katika miaka ya 1950 waganga wa Marekani waliwapa wagonjwa wa kukosa damu dawa yenye kobalti, na shingo za wengine zikavimba. Ile ilikuwa dozi kubwa ya kumeza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi ndani ya mkojo. Hiyo ni hatari ya kufuatilia, lakini hakuna anayeweza kuangalia shingo yako na kusema "hii ni kobalti".

Kabla ya kulipa gari ya Likasi ao Lubumbashi, piga simu kwanza: labo inapima TSH? Bei gani? Chukua karatasi zote za zamani, mwambie munganga kama una mimba ao umezaa karibuni, na dawa zote unazomeza, hata za mizizi. Uvimbe ukikomaa haraka, ukiwa mgumu, sauti ikibadilika ao pumzi ikibana, usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi.