Stroberi Yenye Unga wa Jamaa wa Yakuti

Je, wajua kwamba ile stroberi ndogo inayoning'inia kwenye kimto cha pini chenye umbo la nyanya si pambo? Ndani yake mna unga wa emeri, jiwe jeusi lililochimbwa tangu enzi za kale katika kisiwa cha Naxos, Ugiriki. Emeri ni mchanganyiko wa korandamu na madini ya chuma, na korandamu ndiyo madini ya yakuti, zikiwemo za Longido na bonde la Umba. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, almasi ina 10, korandamu 9. Sindano iliyoshika kutu kwa jasho la vidole, ikaanza kukwama kwenye kitambaa, ukiichoma na kuichomoa kwenye stroberi hiyo mara kadhaa hutoka safi.

Nyanya yenyewe ilipendwa sana Uingereza na Marekani zama za Malkia Victoria. Hushonwa kwa kipande cha mstatili: unaunga ncha mbili kuwa mrija, unapiga bandi upande mmoja na kuvuta uzi mpaka ufunge, unageuza, unajaza, kisha unafunga upande wa pili.

Kazi iko kwenye kujaza. Shindilia mpaka kimto kigome kubonyea. Kikilegea, sindano huzama na kukungoja siku ukikibonyeza. Pamba ni rahisi kupata, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hali ya hewa ya Pwani sindano hushika kutu humo humo. Afadhali sufu: mafuta ya kondoo yaliyobaki kwenye nyuzi hukikinga chuma.

Sasa chukua sindano ndefu yenye uzi mnene. Ipitishe katikati kutoka chini hadi juu, uzungushe uzi kwa nje, urudi chini, uvute kwa nguvu. Kitambaa kinadidimia na mfereji unatokea. Rudia mpaka mapande yawe sita. Jani la kijani la juu huficha mafundo yote.

Stroberi hukatwa robo duara, ikakunjwa umbo la pia. Tumia kitambaa kilichofumwa kwa kubana, tena mara mbili, maana unga wa emeri hupenya kwenye mwanya wowote. Ikijaa utashangaa uzito wake kiganjani. Ila usiisugue sindano humo kupita kiasi: emeri hula hata ile nikeli iliyopakwa juu ya chuma. Ipitishe tu, kisha uichomeke kwenye nyanya.