Jibu Unalo, Mbona Mkono Haunyanyuki?

Semina imeanza, mwalimu kauliza swali, na jibu unalo. Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, mkono unabaki palepale. Mwenzako anajibu kile kile ulichokuwa nacho kichwani, anasifiwa yeye. Ikitokea mara mojamoja, hiyo ni aibu tu, kila mtu anayo. Ila ikikuandama miezi sita na zaidi, ukaanza kukwepa semina, hata kozi zenye presentesheni, wataalamu huiita hofu ya kijamii. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliitambua mwaka 1980, na kwa wengi huanza balehe, kabla hawajakanyaga chuo.

Inavyofanya kazi ndiyo inashangaza. David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwamba mwenye hofu hugeuza umakini wote ndani yake: sauti inatetemeka? Wameona jasho? Kisha anajikinga, anakaa nyuma, anainamia daftari, anaongea harakaharaka. Akitoka salama anadhani kinga ndiyo iliyomwokoa. Kwa hiyo hofu haipati hata siku moja ya kuumbuka.

Na nyumbani je? Sehemu ya hofu hii hurithiwa, na malezi ya kukosoa mno au kulinda mno yanahusishwa nayo. Lakini usikimbilie kumlaumu mama! Tandale au Mbagala, mtoto anayemjibu mkubwa huambiwa ana mdomo, na kuinamisha macho ni adabu. Ukimya huo si ugonjwa. Tatizo ni kwamba chuo kinaupa maksi ndogo.

Halafu kuna lugha, ambayo mimi naona haipewi uzito wake. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali Temeke alifundishwa kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza kidato cha kwanza. Pale Mlimani anakaa na waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Anaogopa watu, anaogopa na sarufi. Kama ndiye wa kwanza kwao kufika chuo, nyumbani hana wa kumuuliza semina ni kitu gani, na ukoo mzima unamsubiri amalize.

Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea inasaidia kweli, na msingi wake ni kuikaribia hofu kidogokidogo bila kinga. Ukiona imekuzidi, ulizia ushauri nasaha chuoni kwako. Wiki hii mfuate mwalimu mlangoni kipindi kikiisha, swali moja tu. Wiki ijayo uliza kwenye kikundi cha watu watatu, hata kwa Kiswahili, na daftari uliache kwenye begi.