Gari la Umeme na Breka Inayojizima Usiku

Tangu Oktoba 2019, Volkswagen na Siemens zilipozindua majaribio ya e-Golf mjini Kigali, na hasa baada ya serikali kuidhinisha misamaha ya kodi kwa magari ya umeme Aprili 2021, suala la kuchaji limeingia majumbani. Huko ndiko breka ya umeme wa nyumba inakojizima usiku, na mwenye gari akaamka na betri nusu. Wengi huilaumu breka na kumwita fundi aweke kubwa zaidi. Hilo ni kosa la hatari. Kazi ya breka ni kulinda waya zilizomo ukutani. Ukiweka ya ampea 32 juu ya waya wa ampea 16, waya unaweza kuungua kabla breka haijashtuka.

Ndani ya breka ya kawaida mna kibati cha metali mbili kinachopinda kadiri umeme unavyokipasha joto. Kwa viwango vya kimataifa vya breka za majumbani, ile ya ampea 16 hustahimili ampea 18 kwa saa nzima, lakini ikipita 23 hivi lazima ikate ndani ya saa hiyo. Kati ya hapo, ni muda tu unaoamua. Chaja ya soketi inayovuta ampea 10 ni wati 2,300; pasi ya wati 2,000 kwenye laini hiyohiyo inaongeza karibu ampea 9. Birika huchemsha maji dakika chache likazimwa. Gari huvuta bila kupumzika mpaka alfajiri, na ndiyo maana breka iliyotulia saa mbili usiku inaweza kujizima saa nne.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: punguza ampea kwenye chaja au kwenye gari lenyewe, na uanze kuchaji watu wakishaoga na kupiga pasi. Atakayesema hivyo ni kuchelewa ana hoja, kwani betri ya e-Golf, kWh 35.8, ikiwa tupu itahitaji zaidi ya saa 15 kwa ampea 10. Lakini ni wachache wanaoimaliza kila siku. Saa nane za usiku huingiza kWh 18 hivi, na hata ukitoa zinazopotea njiani na milima ya Kigali, zinatosha kilomita 80. Anayehitaji zaidi avutiwe laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka: kwa ampea 32 kwa kawaida ni waya wa shaba wa milimita mraba 6, baada ya fundi kujumlisha mzigo wa nyumba nzima, hita ya kuogea ikiwemo. Ni gharama, ndiyo, ila huwezi kuilinganisha na ya ukuta ulioungua.

Breka ikikata papo hapo unapochomeka, hata gari likiwa peke yake, usiirudishe mara kwa mara. Huenda ni shoti, au, kama breka ni ya aina inayohisi uvujaji, ni umeme unaovuja, pengine kwa plagi iliyolowa mvua. Chomoa, kisha fundi apime laini na waya wa ardhi.