Armenia: mwanamke asiyeolewa na mlango wake mwenyewe

Armenia ni nchi ya milimani iliyobanwa kati ya Uturuki, Georgia, Azerbaijan na Iran. Haina bahari. Ukubwa wake, kilomita za mraba 29,743, hauupiti sana mkoa wa Tanga, na watu wake ni milioni tatu hivi, zaidi ya theluthi moja wakiishi katika mji mkuu, Yerevan. Waarmenia wanaoishi nje, kuanzia Urusi na Ufaransa hadi Lebanon na Marekani, ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Wanajivunia kuwa waliufanya Ukristo dini ya dola mwaka 301 na kwamba wana alfabeti yao wenyewe tangu mwaka 405. Mambo hayo mgeni huambiwa siku ya kwanza tu. Ninalotaka kulieleza hapa huchelewa kuonekana, nalo ni maisha ya mwanamke wa nchi hiyo aliyesoma, anayejitegemea, na ambaye hajaolewa.

Jioni ya kiangazi Yerevan hujaa wanawake. Wamekaa mikahawani chini ya Cascade, zile ngazi kubwa za mawe zinazopanda kilimani, na kwenye barabara ya Kaskazini wanatembea wawili wawili, wamevaa wakapendeza, mpaka usiku wa manane, na hakuna anayewasumbua. Mji huu ni salama kwa mwanamke kuliko miji mingi mikubwa. Kati yao wamo madaktari, wanasheria, wahandisi wa programu za kompyuta, wahadhiri. Ukiwatazama utasema hawa hawajapungukiwa na uhuru wowote. Lakini ikifika saa ya kuondoka, mwenye miaka 32 anayesimamia watu 20 ofisini atampigia simu mama yake kumwambia kwamba yu njiani, kisha atarudi kulala katika chumba kile kile alichokuwa akifanyia kazi za shule.

Kwa desturi, Mwarmenia huishi na wazazi wake mpaka aoe au aolewe. Mtoto wa kiume, hasa wa mwisho, haondoki hata akioa: huleta mke nyumbani, na wote wakawa familia moja na wazazi. Binti hutarajiwa kutoka kwa njia moja tu, ya harusi. Kwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo kunaeleweka, na msichana wa mkoani akija Yerevan chuoni ataruhusiwa kukaa kwa shangazi au bwenini. Lakini kupanga nyumba katika mji ule ule wanamoishi baba na mama, bila mume, ni jambo linalotaka maelezo. Majirani watauliza amegombana nao nini. Watauliza anaficha nini. Baba naye ataulizwa, kwa maneno au kwa macho, kama bado ana kauli nyumbani kwake.

Hata akipata ujasiri wa kuhama, vikwazo havijaisha. Mwenye nyumba atataka kujua anaishi na nani na wageni wake ni akina nani. Majengo mengi ya Yerevan ni maghorofa ya enzi ya Kisovieti yaliyojengwa kuzunguka ua, na uani kuna benchi, na kwenye benchi kuna wanawake wazee wanaojua kila anayeingia, saa aliyoingia na alichobeba mkononi. Mwaka 2022, Warusi kwa maelfu walipohamia Yerevan kwa sababu ya vita vya Ukraine, kodi za nyumba zilipanda ghafla, na wengi waliokuwa wamethubutu kujitenga wakalazimika kurudi kwa wazazi. Mishahara nayo haiwasaidii. Kwa miaka mingi wastani wa kipato cha mwanamke umekuwa pungufu kuliko cha mwanamume kwa karibu theluthi moja.

Kwa nini mlango wa binti anayeishi peke yake unaogopwa hivi? Jibu liko katika desturi ya tufaha jekundu. Siku moja au chache baada ya harusi, mama wa bwana harusi na wanawake wa upande wake huwapelekea wazazi wa bibi harusi sinia la matufaha mekundu, ishara kwamba binti yao alikutwa bikira. Wasomaji wa pwani wanaojua habari za kisarawanda hawahitaji kuelezwa zaidi. Familia nyingi za Yerevan zimeiacha desturi hiyo, na zipo nyingine zinazopeleka matufaha kama mapambo tu, lakini vijijini bado ina uzito wake, na hata mahali ambapo sinia halipelekwi tena, hofu iliyolizaa haijaondoka. Anayeishi kwa wazazi ana mashahidi. Anayeishi peke yake hana wa kumshuhudia, na kwa sababu hiyo peke yake hukisiwa mabaya. Hilo naliona kuwa dhuluma, maana kaka yake anayerudi alfajiri hakisiwi lolote, na hakuna sinia linalopelekwa kwa ajili yake.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika vijiji vya karne ya 19 mke mpya alifunikwa mdomo kwa kitambaa na hakuruhusiwa kusema na baba mkwe wala mama mkwe kwa miezi, mara nyingine kwa miaka. Alizungumza kwa ishara au kupitia watoto. Hayo yamekwisha. Mama mkwe amebaki na nafasi yake.

Shinikizo la siku hizi halina ukali huo. Huja kama dua, na hapo ndipo linapokuwa gumu kulikataa. Harusini bibi harusi hugawa zawadi ndogo ziitwazo taros kwa wasichana wasioolewa, ili bahati yake iwaambukize. Msichana wa miaka 19 huipokea akicheka. Mwanamke wa miaka 35, mwenye makabati yaliyojaa vikopo na riboni za harusi za wenzake, huipokea huku meza nzima ikimtazama, na lazima kutatokea mama mdogo wa mtu atakayeuliza kwa sauti: "Na sisi tutacheza lini kwenye harusi yako?"

Kuna pia sikukuu ya Mtakatifu Sarkis, Januari au Februari kutegemea tarehe ya Pasaka, ambaye ni mlinzi wa vijana na wapendanao. Usiku wa kuamkia siku hiyo wasioolewa hula mkate mdogo wenye chumvi nyingi, kisha hulala bila kunywa maji. Atakayekuja ndotoni kukupa maji ndiye mwenzi wako. Mkate huo, kwa desturi, huokwa na bibi au mwanamke aliyebahatika katika ndoa, na siku hizi huuzwa madukani mjini. Ni mchezo mzuri, wenye furaha, na sidhani kuna anayetaka ufe. Lakini mwaka baada ya mwaka bibi huyo huyo anamletea mjukuu wake mkate huo huo, na asubuhi anangoja kuulizia ndoto.

Na kuna kahawa. Waarmenia huipika katika birika dogo la shaba lenye mpini mrefu, nyeusi, nzito, na machicha hubaki chini ya kikombe. Mtu akimaliza, kikombe hugeuzwa juu ya kisahani, kikaachwa kipoe, kisha mwanamke mmoja miongoni mwao hukigeuza tena na kusoma michirizi iliyochorwa na machicha. Wapishi wa kahawa na wasomaji wa vikombe ni wanawake, na mazungumzo yao juu ya kikombe ni matamu. Humo husemwa mambo ambayo hayasemwi kwingine. Mwenye ndoa huonyeshwa safari, fedha, habari za mtoto aliye Moscow. Asiye na ndoa huonyeshwa mwanamume. Awe ametoka kupandishwa cheo au kutetea shahada ya uzamivu, kikombe hakioni. Akifika miaka 30, baadhi watamwita aliyebaki nyumbani, jina ambalo hakuna mwanamume anayepewa.

Mtu asidhani hii ni nchi iliyowafungia wanawake nje ya mambo ya umma. Jamhuri ya kwanza ya Armenia, iliyodumu kuanzia 1918 hadi 1920, iliwapa wanawake kura mapema kuliko Ufaransa, na mwaka 1919 wanawake watatu walichaguliwa katika bunge la watu 80: Perchuhi Partizpanyan-Barseghyan, Varvara Sahakyan na Katarine Zalyan-Manukyan. Mwaka 1920 jamhuri hiyo ilimteua Diana Abgar kuwa balozi wake mdogo wa heshima huko Japani. Abgar alikuwa mjane aliyekuwa akiendesha biashara ya marehemu mumewe mjini Yokohama na kulea watoto, na aliandika bila kuchoka kuwatetea Waarmenia. Mwandishi Zabel Yesayan alikuwa mwanamke pekee katika orodha ya wasomi ambao serikali ya Uturuki wa Osmani iliamuru wakamatwe Aprili 24, 1915, lakini alitoroka. Walipokuja Wasovieti, wanawake walipelekwa kwa wingi viwandani, hospitalini na vyuoni, na hadi leo wanawake ni zaidi ya nusu ya watafiti wa sayansi Armenia, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri za Ulaya hazijakifikia. Sheria inavilazimu vyama vya siasa kuweka wanawake katika orodha zao za wagombea, na uchaguzi wa 2021 uliwapa karibu theluthi ya viti.

Kwa hiyo mwanamke wa Armenia anaruhusiwa maabara, bunge na mahakama. Kinachobaki ni nyumba. Wasovieti walimpa kazi, lakini kupika, kufua na kulea wakamwachia vile vile, na dola yao ilipoanguka mwaka 1991, familia ndiyo iliyobaki kuwa bima, benki na hifadhi ya kila mtu katika miaka ile ya giza, vita na baridi isiyo na umeme.

Hapo tuwatendee haki wazazi. Taifa hili lilipoteza watu wanaokadiriwa kufika milioni moja na nusu katika mauaji ya halaiki yaliyoanza 1915. Familia nyingi zina bibi au babu mkuu aliyesalia peke yake katika ukoo mzima. Vita vya siku 44 na Azerbaijan, vya mwaka 2020, viliua karibu wanajeshi 3,800 wa upande wa Armenia, wengi wakiwa vijana wa miaka 18 hadi 20 waliokuwa katika jeshi la lazima. Mwaka 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 walikimbia kutoka Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa katika vita hivyo. Kwa mzazi aliyelelewa katika habari hizo, binti kuolewa na kuzaa ni deni kwa waliokufa. Naielewa hofu hiyo na naiheshimu. Siioni kuwa sababu ya kumtwika msichana mmoja mzigo wa taifa zima.

Tena hesabu yenyewe haikubali. Kwa miongo kadhaa wanaume wamekuwa wakienda Urusi kufanya kazi za ujenzi, kila mwaka kuanzia masika hadi vuli, na wengine hawarudi. Wapo waliooa huko huko. Vijiji vingine hubaki na wanawake, watoto na wazee. Binti anahimizwa kuolewa mahali ambapo waoaji wamehama au wamezikwa. Kwa waliozaliwa baada ya 2000 shida ni kinyume chake. Vipimo vya kuonyesha jinsia ya mimba vilipoenea, wazazi waliotaka mtoto wa kiume walitoa mimba za kike, hata zikafika nyakati ambapo walizaliwa wavulana 114 na zaidi kwa kila wasichana 100. Sheria ya 2016 ilipiga marufuku utoaji wa mimba kwa sababu ya jinsia, na uwiano umekuwa ukirudi polepole. Jamii iliyokuwa ikihuzunika kupata binti ndiyo hiyo hiyo inayomhimiza binti aharakishe kuzaa.

Aliyeachika ana hali ngumu zaidi. Mara nyingi hurudi kwa baba yake na watoto, na hapo anahesabiwa upya kuwa msichana wa kuchungwa. Sheria ya kuzuia ukatili katika familia ilipitishwa Desemba 2017 baada ya mabishano makali. Waliopinga walidai kwamba inaletwa kuvunja nyumba za watu, na ili ipite, maneno ya kurejesha maelewano katika familia yaliongezwa kwenye jina lake. Mwaka 2024 ilirekebishwa, ikawalinda hata walio na wenzi ambao hawakuoana nao. Kwa mwanamke asiye na cheti cha ndoa hiyo ni hatua kubwa.

Wanawake wenyewe hawajakaa kusubiri. Kituo cha Rasilimali za Wanawake kilifunguliwa Yerevan mwaka 2003, na wengi walipata pale mahali pa kwanza pa kusema bila kuulizwa kuhusu mchumba. Katika mapinduzi ya amani ya Aprili 2018 wanawake walifunga barabara, na usiku walipiga masufuria kwenye roshani zao. Sekta ya teknolojia imewapa wasichana wa miaka 20 na kitu mishahara ambayo baba zao hawakuwahi kuiota. Wengine hupanga nyumba wawili au watatu, wakawaambia wazazi kwamba ni karibu na kazini. Wengine huhamia Tbilisi au Berlin, ambako hakuna benchi uani. Waarmenia waliozaliwa ng'ambo na kurudi kuishi Yerevan peke yao husamehewa, kwa kuwa hao ni wa nje. Lakini wenyeji wanawaona, na kila mmoja anayefanikiwa humrahisishia anayefuata. Wapo pia akina baba wanaombebea binti yao kochi mpaka ghorofa ya nne na kumfungia kitasa kipya, wakayapuuza maneno ya majirani. Ni wachache, na wanaongezeka.

Jumapili wengi wa wanawake hao huonekana tena kwenye meza ya wazazi, wakikunja nyama na viungo katika majani ya mzabibu pamoja na mama na bibi. Hawajaikimbia familia wala hawasemi vibaya juu ya ndoa, na wengi wangependa kuolewa. Kwa sheria za Armenia, mwanamke akishatimiza miaka 18 anaweza kupanga nyumba, kuinunua na kuiandikisha kwa jina lake, na hakuna kifungu hata kimoja kinachotaka jina la mume.