Je, Wajua? Injini ya ndege ndogo huanzia puani

Je, wajua kwamba anayejenga nakala ndogo ya ndege ya kweli, ile ya kurushwa kwa rimoti, anatakiwa kupima pua ya ndege kabla hajaulizia nguvu ya injini? Chukua Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza ya mwaka 1917. Injini, tangi, bunduki mbili na rubani mwenyewe vilisongamana kwenye mita mbili hivi za mbele, na injini peke yake ilizidi kilo 100. Ukiipunguza ndege hiyo, pua inabaki kijipande, mkia unabaki nyuma kule, na injini ndogo ya kisasa inakuwa nyepesi mno kuusawazisha. Mjenzi hujikuta akibandika vipande vya risasi puani. Lakini risasi haizungushi propela! Heri injini nzito kidogo, hata kama nguvu yake yote hutaitumia.

Je, wajua uzito haupungui sawa na urefu? Hapa ndipo wengi huteleza. Piper J-3 Cub ya Marekani ina mabawa ya mita 10.7, hubeba uzito wa jumla wa kilo 550 hivi, na injini yake ina nguvu za farasi 65. Tengeneza nakala ya robo: mabawa yanakuwa mita 2.7. Uzito je? Umegawa urefu kwa 4, upana kwa 4 na kimo kwa 4, kwa hiyo uzito umegawanyika kwa 64. Unabaki na kilo 8.6. Na kwa kuwa ndege hiyo ndogo inatakiwa iruke kwa nusu ya mwendo wa mama yake ili ipendeze machoni, nguvu hugawanyika mara mbili zaidi, yaani kwa 128. Farasi 65 wamekuwa nusu farasi! Hizo ni wati 380 hivi. Pasi unayonyooshea shati la Jumapili hula wati 1,000.

Hesabu hiyo ina kasoro yake: upepo haupunguzwi kwa skeli, na propela ndogo hupoteza nguvu nyingi kuliko kubwa. Akiba inahitajika. Lakini wapo wanaofunga mashine ya farasi watatu na kuifanya Cub ipande wima kama fataki. Kwangu mimi hiyo si Cub tena.

Je, wajua injini inayoitwa "60" haina uhusiano wowote na cc 60? Namba hiyo ni sehemu ya mia ya inchi ya ujazo. "60" ni cc 10 hivi, "40" ni cc 6.5. Bodaboda ya cc 125 ingezaa injini za "60" dazeni moja.

Je, wajua kwa nini wapenda nakala halisi huganda kwenye injini za mipigo minne? Ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko, ni nyepesi, ni rahisi na ina nguvu zaidi kwa cc zilezile. Lakini hulia kama msumeno wa kukatia magogo, tena hutaka propela ndogo inayokwenda mbio. Ya mipigo minne huwaka kila baada ya mizunguko miwili. Mlio wake ni mzito na wa taratibu, na huzungusha propela kubwa bila kulalamika. Kampuni ya O.S. ya Japani ilianza kuziuza kwa wingi mwaka 1976, kwa modeli ya FS-60. Ndege ya zamani yenye mwili mpana mbele huficha sehemu kubwa ya propela. Ukiifunga propela ndogo, upepo wake unaishia kukipiga kifua cha ndege yenyewe.

Kuhusu mbio za propela: ncha ya propela ya inchi 12 inayozunguka mara 12,000 kwa dakika husafiri karibu kilomita 690 kwa saa. Kidole hakina nafasi hapo.

Je, wajua injini nyingi za ndege ndogo huendelea kuwaka bila umeme wowote? Plagi yake ina kijiwaya chenye platinamu. Unakipa volti 1.5 wakati wa kuwasha tu, kisha unachomoa betri. Methanoli, ambayo ndiyo mafuta ya injini hizi, inapogusana na platinamu huzalisha joto, na waya hubaki mwekundu wenyewe. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza plagi hiyo sokoni mwaka 1947, na wajenzi wakaagana na koili na betri nzito za cheche.

Methanoli hiyo si ya kuchezea. Ndiyo iliyotiwa kwenye pombe haramu huko Mukuru kwa Njenga, Nairobi, Novemba 2000, ikaua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Ikishika moto mchana wa jua, mwali wake hauonekani. Wekea chupa alama, na usiihifadhi jikoni.

Je, wajua mafuta ya nyonyo, haya tunayopaka nywele na ambayo bibi zetu waliyatumia kulainisha tumbo, hulainisha injini? Mbarika, unaotoa mafuta hayo, ni mmea ambao Afrika Mashariki ni miongoni mwa asili zake. Injini za Camel zilikunywa mafuta hayohayo, na mpaka leo huchanganywa na methanoli kwa sababu hustahimili joto kali. Yanayobaki hutoka kwenye ekzosi na kuipaka ndege nzima. Rangi isiyovumilia methanoli na mafuta itababuka, kwa hiyo chagua injini kabla ya kuchagua rangi.

Petroli je? Ni rahisi kupatikana kuliko methanoli, na injini zake kwa kawaida huwa za ndege kubwa kubwa, za mabawa ya mita mbili na kuendelea. Kasoro yake ni mtetemo, na plagi ya cheche inayoweza kuvuruga redio usipoiziba vizuri.

Je, wajua injini iliyorekebishwa ikatulia Mombasa hukohoa ikifika Nairobi? Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini hupata mafuta mengi kuliko hewa, ikatoa moshi na kulegea. Kaza sindano ya kabureta kidogo kidogo. Hata ukikaza, nguvu iliyopotea hairudi, kwa hiyo mtu wa Nairobi achague injini ya saizi inayofuata juu. Mota ya umeme haivuti pumzi, lakini propela yake nayo hukata hewa ileile nyepesi.

Je, wajua KV ya mota si kilovolti? Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, bila mzigo. Mota ya KV 400 kwenye volti 22 huelekea mizunguko 8,800. Kwa nakala za ndege za kale tafuta KV ndogo na propela kubwa. Na ukijenga ndege ya injini mbili, kama DC-3, usisite: weka umeme. Injini moja ya mafuta ikizima angani, nyingine huisukuma ndege upande, na wengi hawawahi kuiokoa.

Betri ya seli sita yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 111. Kikomo cha kawaida cha kubeba mkononi kwenye ndege ya abiria ni 100; ukizidi hapo omba kibali cha shirika la ndege. Unayerudi na mzigo kutoka Dubai, soma lebo kabla hujafika uwanjani.

Je, wajua injini ya jeti ya Mjerumani Kurt Schreckling, miongoni mwa za kwanza kujengwa na mtu binafsi kwa ajili ya ndege ndogo, ilikuwa na kibanahewa cha plaiwudi iliyofungwa nyuzi za kaboni? Warithi wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na huunguza mafuta ya taa.

Na je, wajua ndege ndogo imewahi kuvuka Atlantiki? Agosti 2003 Maynard Hill, mzee wa miaka 77 ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzimika, aliituma ndege ya balsa isiyofika kilo 5 kutoka Newfoundland, Kanada. Ilitua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, ikiwa imekwenda zaidi ya kilomita 3,000. Injini yake ilikuwa O.S. ya dukani aliyoifanyia marekebisho: mipigo minne, cc 10.